Diski Isiyolala

Absalom aliijua laptopu ile kwa sikio kabla hajaiona kwa jicho. Alikuwa kibandani mwake mjini Bungoma, nyuma ya soko, redio ya mteja imelala mezani matumbo nje, simu ikalia. Aliyepiga alisema ni mwalimu Jepkosgei, anafundisha darasa la kwanza kwenye kijiji kiitwacho Kwanza, nje ya Kitale, na namba amepewa na watu wa kanisa ambao Absalom aliwahi kuwatengenezea spika. Wakati huo alikuwa Kitale, ndani ya saluni ya rafiki yake Wahu, kwa maana shuleni kwake stima haijafika. Shida yake ilikuwa laptopu. Ukiiwasha, alisema, unaweza kwenda sokoni, uchague nyanya, ugombane na mwenye nyanya, urudi, na bado haijafunguka. Ukibonyeza herufi A, hiyo A inatokea ukiwa umeshasahau ulitaka kuandika nini.

Absalom akauliza kama kuna kitaa kidogo pembeni kinachopepesa. Akaambiwa kipo, ila hakipepesi. Kinawaka tu, asubuhi mpaka jioni, na sasa ni wiki ya tatu.

"Weka simu juu ya laptopu," akasema. "Pale inapotoa joto. Na mnyamaze wote hapo, hiyo mashine ya kukausha nywele izimwe."

Akasikiliza. Miaka thelathini na ushei alikuwa fundi wa redio, amezitengeneza toka Malaba mpaka Lodwar, na kompyuta zilipokuja hakwenda chuo. Alizifungua vilevile alivyozifungua redio, kwa bisibisi na subira. Alichosikia ni mkwaruzo mdogo usio na kituo, krr, krr, krr, kama panya aliyeingia gunia la mahindi na hana mpango wa kutoka.

"Mwalimu," akasema, "hiyo diski hairari."

Alimaanisha hailali. Kwao L na R ni mapacha, hata mama mzazi huwachanganya. Na V, kwa Absalom, haikuwahi kupewa kiti. Kila mahali ilipotakiwa kukaa, ilikaa F. Walimu watatu wa shule tatu walimchapa kwa sababu hiyo, na mwishowe Absalom aliacha shule, F yake ikiwa salama.

Akauliza ni nani ameishika laptopu hiyo kabla yake. Sauti ya Wahu ndiyo iliyojibu kutoka mbali: "Uliza nani hajaishika. Amebaki pasta tu aiwekee mikono."

Ikajulikana kwamba walioishika ni watatu. Wa kwanza ni mhudumu wa saiba moja ya intaneti hapo Kitale, wa pili ni mtoto wa shemasi aliyekuwa likizo kutoka chuoni, wa tatu ni mwuza CD. Kila mmoja alikuta laptopu ni nzito, kila mmoja akasema ni virusi, na kila mmoja akaiwekea antivairasi yake bila kuuliza kama kuna nyingine ndani.

Absalom alicheka peke yake pale kibandani. Akamweleza mwalimu kwamba hayo ni sawa na kuajiri walinzi watatu kwa boma moja na kusahau kuwatambulisha wao kwa wao. Wa kwanza akisikia hatua, ni za wa pili. Wa pili akiona tochi, ni ya wa tatu. Watazungushana nyumba mpaka kuche, na mwizi mwenyewe amelala kwake. Kila faili ikifunguliwa na mmoja ili ainuse, wenzake wawili nao wanataka kujua kwa nini imefunguliwa, nao wanainusa. Diski itapata wapi nafasi ya kumfanyia mwalimu kazi yake?

Hilo halikuwa tatizo la kuua mtu. Alete mashine Bungoma, asubuhi moja ingetosha. Lakini fundi mzima haanzi kazi kabla ya kuuliza mwenye mali ameweka nini ndani, na Absalom akauliza.

Mwalimu akamwambia. Ndani ya laptopu ile kulikuwa na kitabu. Kitabu kidogo cha kusomea, hadithi thelathini na mbili, kila moja ukurasa wake, zimeandikwa kwa Kisabaoti, lugha ya watu wa mlimani. Tangu watoto waliposhuka kutoka mlimani wakati wa zile taabu za kugombea ardhi, darasa lake lilikuwa na vichwa ishirini na kitu visivyojua Kiswahili wala Kiingereza, na vitabu vyote vya shule vilikuwa kwa lugha hizo mbili. Mtoto akifungua kitabu anaona michoro ya wadudu. Basi mwalimu alikusanya hadithi kwa akina mama waliokuja kuchukua watoto jioni, nyingine akatunga, akaziandika mwenyewe kwa miaka miwili, kila Jumamosi na kila likizo, kwenye benchi la saluni ya Wahu. Mchapishaji mmoja hapo hapo Bungoma, mtu anayeitwa Kabiru, alikuwa amempa nafasi kwenye mashine yake: Ijumaa, kabla ya saa sita. Saa sita ikipita, Kabiru anaingia kalenda za mwaka mpya na kadi za harusi, na hatoki humo mpaka Krismasi ipite. Na watoto wanafungua shule Januari.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Sawa," Absalom akasema. "Hicho kitabu kiko wapi?"

"Kwa folda inaitwa KITABU, iko hapa mbele. Flashi nimeshaweka."

"Haya. Sasa shika hiyo folda, futa. Ukimaliza, zima, uje."

Akarudi kwenye redio yake, moyo mweupe. Yeye alikuwa amesema vuta: ishike folda kwa kipanya, uivute mpaka kwenye flashi. Na aliposikia "flashi nimeshaweka," alielewa flashi imeshachomekwa, inangoja. Mwalimu naye alikuwa amesema kwamba kwenye flashi kitabu ameshakiweka, tangu Jumapili. Alipoambiwa futa, aliona fundi anataka kumpunguzia diski mzigo, na fundi ndiye ajuaye. Akafuta. Maneno mawili, kila moja na milango yake miwili, na kila mtu akatokea kwa mlango wake.

Robo saa haijaisha, simu ikalia tena. Safari hii sauti ya mwalimu ilikuwa imepungua, kama redio yenye betri zinazokata. Alikuwa amefungua flashi ili ajihakikishie. Folda ya KITABU ilikuwapo, jina lake zuri, na ndani yake hamna kitu. Jumapili laptopu ilikwama ikinakili. Yeye alingoja, akachoka, akaona jina la folda limeshatokea upande wa pili, akachomoa.

Absalom akamwambia asiogope, aangalie kwenye pipa la takataka la kompyuta. Mwalimu akasema pipa halina kitu; yule mwuza CD alimwambia pipa linakula nafasi, akaliziba, kila kinachofutwa kinakwenda moja kwa moja.

"Lakini kwa nini umefuta?"

"Si wewe umesema futa?"

"Nimesema futa. Futa kwa flashi."

"Ndiyo hiyo. Nimefuta."

"Si kufuta, mwalimu. Kufuta. Kama mtu anafuta kamba ya ng'ombe."

Halafu sauti ya Wahu nyuma, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha njia: "Jepkosgei. Huyu mzee anasema kuvuta."

Maisha yake yote watu walikuwa wamemcheka Absalom kwa herufi ile, na yeye alicheka pamoja nao, kwa sababu haikuwa na bei. Sasa aliisikia bei yake. Na chini ya kimya cha wale wanawake wawili alisikia kitu kingine, krr, krr, krr, laptopu ikiendelea na kazi yake, na hapo ndipo nywele zilipomsimama.

"Mwalimu, usiguse kitu kingine. Usizime kwa ile njia ya kuzima. Ng'oa waya ya stima."

"Nimeng'oa."

"Imekufa?"

"Bado, inatumia betri."

"Ipindue, toa betri. Upesi, mama."

Mwalimu alisita, kwa maana alifundishwa kwamba kompyuta ikizimwa hivyo inaharibika. Wahu hakusita. Aliinyakua, akaipindua kama kuku wa kuchinjwa, akabonyeza vishikizo, betri ikatoka mkononi mwake. Mkwaruzo ukakoma.

Hapo sasa Absalom akamfafanulia, na aliyafafanua polepole, kila neno akilitazama kabla ya kulitoa. Kompyuta ikiambiwa ifute, haing'oi kitu. Inachoondoa ni kibao cha jina pale getini tu. Mahindi yako shambani, yamesimama. Shida ni kwamba mwenye trekta akipita na kuona hakuna kibao, anadhani shamba ni la bure, analima. Na laptopu hii haikuwa na trekta moja. Ilikuwa na tatu, zinazunguka tangu asubuhi bila kupumzika, na zimezunguka karibu robo saa nzima baada ya kibao kuondolewa.

"Kwa hivyo zimelima kiasi gani?" mwalimu akauliza.

Absalom angeweza kumpa neno tamu. Akasema hajui. Alete mashine, na njiani asikubali mtu yeyote aiwashe, hata akisema ni injinia.

Mwalimu Jepkosgei aliingia kibandani saa nane na nusu, laptopu ameifunga kwa leso kama mtoto mgonjwa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka kama arobaini, viatu vyake na vumbi jekundu la Kwanza. Absalom alisimama, akaanza kuomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga tangu saa tano. Mwalimu akainua mkono.

"Mzee, hasira nilikuja nayo, nimeiacha hapo steji ya matatu. Ukitaka nirudi kuichukua, si mbali. Lakini kwanza tufanye kazi."

Absalom akampa maji, akaanza. Alifungua skrubu sita, akaitoa diski yenyewe, kitu cha ukubwa wa kitambulisho na unene wa kidole, akaitia kwenye kikasha chenye waya, na waya akauchomeka kwenye kompyuta yake kuukuu isiyo na kifuniko. Alimweleza mwalimu sharti la kazi hiyo: kwenye diski hii tunatazama tu, hatuandiki hata nukta. Tutakachookota kitawekwa kwangu. Halafu akaiamsha programu yake ya kutafuta vilivyofutwa, ikaanza kupita shamba lile mstari kwa mstari.

Ilikuwa kazi ya saa moja na zaidi. Walikaa. Alikuja mwenye redio, akaambiwa arudi kesho, akaguna, akakaa naye kutazama. Mwalimu alisimulia habari za darasa lake. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekaa miezi minne bila kutoa neno, mpaka siku aliposomewa hadithi ya fisi kwa lugha ya kwao, akamsahihisha mwalimu mbele ya watu wote, ati fisi hasemi hivyo. Absalom alicheka. Hakuuliza sana habari za mlimani, wala mwalimu hakumuuliza juu ya watu wake wa upande wa Chwele, chini ya mlima huo. Miaka ile ya taabu kila mmoja alikuwa na lake, na lilikuwa limeanza kupoa, na kitu kinachopoa hakichokolewi.

Orodha ikaanza kutokea. Mwalimu akasogeza kiti, akasoma, uso ukakunjamana. Majina yote yalikuwa hayana kichwa. Mahali pa herufi ya kwanza palikuwa na alama ya kuuliza: ?ISI. ?IMBA. ?UKU. Absalom akasema ni kawaida kwa diski za namna ile. Inapofuta jina inakwangua herufi ya kwanza tu, yatosha kujikumbusha kwamba shamba halina mwenyewe. Mwenyewe akija, sharti ataje herufi yake, ndipo arudishiwe. Bahati nzuri mwalimu aliyapa mafaili majina ya Kiswahili, ili Wahu, aliyekuwa akimsomea majina kwa sauti wakati wa kupanga, ajue ipi ni ipi.

Basi wakawa wanakwenda hivyo, yeye anauliza, mwalimu anataja.

"Hii ya isi."

"Fisi."

"Ya imba."

"Simba."

"Hii ya ua. Ni dua?"

"Dua ni za pasta. Hiyo ni Jua."

"Iko nyingine tena ya ua."

"Hiyo ni Mua. Ama ya kwanza ndiyo Mua, hii ndiyo Jua?"

"Sasa mwalimu, jua na mua unaweza kuchanganya? Moja liko juu."

"Kwa watoto wangu yote ni matamu," mwalimu akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alipotabasamu tangu aingie. Wakaipa ya kwanza herufi J, wakaifungua. Yalikuwa maneno, mistari mizima, safi. Absalom hakujua maana ya neno hata moja, lakini aliona mwalimu akiyapitia kwa kidole kwenye kioo, midomo inacheza, na alijua mahindi yamesimama.

Kufikia saa kumi na moja na nusu walikuwa wameokota zote thelathini na mbili, na zilizofunguka vizuri ni ishirini na tisa.

Tatu zilikuwa zimelimwa. Nyuki ilifunguka ikiwa visanduku na alama za ajabu, kama mtu amemwaga misumari. Njia vilevile. Na Pango ndiyo iliyomuumiza Absalom zaidi, kwa sababu yeye alielewa alichokiona: ndani yake mlikuwa na orodha ndefu ya majina ya virusi. Mmoja wa walinzi wale watatu, katika kuzunguka kwake, alikuwa ameandika daftari lake la washukiwa juu ya hadithi ya mtoto.

Mwalimu alizipitia zote tatu tena kwa kidole. Kisha akasema Nyuki anayo nyumbani kwa mkono, kwenye kitabu cha mazoezi; Wahu anaweza kumtuma mtu huko Kwanza na kuisoma kwa simu. Pango alisimuliwa na mama mmoja anayeitwa Jerono, akaichapa hapo hapo bila kuandika popote, na Jerono amesharudi juu mlimani, mahali simu haishiki. Njia alitunga mwenyewe.

"Basi hiyo utaikumbuka," Absalom akasema.

"Hadithi ya mtu nakumbuka. Yangu mwenyewe iliniponyoka siku hiyo hiyo. Nilijua iko kwa mashine."

Mwalimu alikwenda kulala kwa binamu yake hapo mjini. Alhamisi asubuhi alipofika, alikuta Absalom ameshaanza. Hadithi zilizookolewa alikuwa amezinakili mahali pawili, akafungua moja moja kuhakikisha, bila kumwamini mtu wala jina la folda. Kisha diski aliirudisha mahali pake ndani ya laptopu, akaiwasha, na alikuwa kwenye kazi ya kuwaondoa walinzi. Wa kwanza alitoka kwa heshima. Wa pili alikataa; ikabidi aanzishe mashine kwa njia ile ya wagonjwa, ambako kunawaka vitu vichache tu, amkamate akiwa bado usingizini. Wa tatu alimwacha, kwa kuwa boma bila mlinzi kabisa nalo si boma. Akakuta pia kuna karani mwingine humo ndani, kazi yake kuorodhesha kila neno la kila faili ili likitafutwa lipatikane upesi; akampumzisha naye. Pipa la takataka akalizibua. Akazima, akawasha.

Kitaa kikawaka. Kikapepesa, kikapepesa, kikatulia kidogo, kikapepesa mara mbili tena. Kikazimika. Wote wawili walikitazama vile kilivyozimika, kama watu waliomlaza mtoto baada ya kilio cha usiku kucha, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusogeza kiti. Mwalimu akanyoosha kidole kimoja, akabonyeza A. A ikatokea.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hifyo tu."

"Wiki tatu, mzee."

Kabla ya saa nne Wahu alikuwa ameshapiga. Kitabu cha mazoezi kilikuwa kimefika saluni, akawa anaisoma Nyuki kwa Kisabaoti asichokijua, kwa lafudhi ya Kikikuyu, herufi kwa herufi, na wateja wake wakisikika nyuma wakivunjika mbavu. Mwalimu aliichapa yote akicheka na kufuta machozi. Ikawa thelathini.

Ikabaki Pango na Njia. Juu ya Pango alikumbuka mwanzo tu: kulikuwa na mtu aliyepotelewa na ng'ombe, akafika mlangoni mwa pango, akaita. Mbele ya hapo ukungu.

"Akaita, na ndani mtu akamwitikia," Absalom akasema.

Mwalimu akageuka. "Umejuaje?"

"Hiyo naijua, bana. Bibi yangu alikuwa anatuambia. Jamaa anasema, nani huko? Na yeye anaambiwa, nani huko? Anasema, nirudishie ng'ombe wangu. Anajibiwa, ng'ombe wangu. Kumbe mwizi ana kiburi namna hii, ati anasema ng'ombe ni wake. Basi wakatukanana mpaka jua likapinda, huyu na pango."

"Ndiyo yenyewe," mwalimu akasema, vidole vikiwa tayari juu ya herufi. "Na huyo mjinga alikuwa mtu wa chini huko, hajawahi kuona pango. Mtu wa tambarare."

Absalom akakohoa. "Kwetu alikuwa mtu wa mlimani."

"Wa mlimani hawezi kushangaa pango. Analala ndani yake."

"Ndiyo ujinga wenyewe huo. Analala ndani na bado hajui."

Walitazamana. Mwenye redio, aliyekuwa amerudi kuchukua redio yake na akasahau alichokijia, alisema kwa upole kwamba yeye ni wa Kitale, asihesabiwe upande wowote. Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimtoka kifuani, kikamshika na Absalom, mpaka mama wa ndizi wa kibanda cha pili akachungulia kuona kuna nini.

Absalom akamalizia. Akaja jirani, akawakuta wanagombana hivyo, akamwambia yule jamaa: umefika kwa mtu, umemsalimu? Jamaa akasema hapana. Msalimu basi. Akaita, hamjambo humo? Akajibiwa, hamjambo humo. Akasema, natafuta ng'ombe. Akajibiwa, natafuta ng'ombe. Maskini, akasema jamaa, kumbe na wewe umepotelewa. Akaenda zake akitafuta ng'ombe wawili.

Mwalimu alisema kwao mwisho ulikuwa mwingine, lakini huu ni mzuri zaidi, na Jerono hatakasirika. Akaichapa kwa Kisabaoti. Alipofika mahali pa kusema mtu huyo alitoka wapi, vidole vilisimama kitambo, kisha vikaandika na kuendelea. Absalom aliuliza ameandika nini.

"Mtu mmoja," mwalimu akasema.

Njia haikurudi. Alijaribu mchana wote. Alizunguka soko, alikaa kimya, alifumba macho. Alikumbuka sentensi ya kwanza peke yake, na kila alipotaka kuvuka sentensi hiyo alikuta anaitunga nyingine, dhaifu, akaifuta mwenyewe kwa hiari yake.

Ijumaa saa tano na robo walikuwa kwa Kabiru. Kabiru alikuwa mtu mnene mwenye wino kwenye kucha na saa kubwa ukutani aliyoitazama kuliko alivyowatazama watu. Alizipanga kurasa kwenye kompyuta yake, akafika mwisho, akauliza ya thelathini na mbili iko wapi. Mwalimu akasema kitabu kitakuwa na hadithi thelathini na moja. Kabiru akatikisa kichwa.

"Madam, hii ni karatasi inakunjwa. Kurasa zinatembea nne nne. Ukinitolea huu mmoja, unatoa na ndugu zake watatu. Niweke tangazo? Niweke picha ya shule?"

Absalom alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ukurasa ule mweupe ulikuwa wa kwake kuliko wa mtu mwingine yeyote mle ndani, na hakuwa na la kuuwekea. Alimwona mwalimu anautazama. Kisha akaona anafungua laptopu yake juu ya kaunta ya Kabiru, ikafunguka kabla hajamaliza kuvuta kiti, na akachapa mstari mmoja wa maneno juu kabisa ya ukurasa. Chini yake akashikilia herufi ya kupigia mstari, ikakimbia toka upande huu wa karatasi mpaka ule. Akashuka, akapiga mwingine.

"Hayo ya juu yanasema nini?" Absalom akauliza.

"Ile sentensi yangu. Siku moja nilikuwa njiani peke yangu, nikasikia mtu ananiita kwa jina." Akapiga mstari wa nane. "Mbele ya hapo watajaza wao. Wako ishirini na saba darasani, kila mmoja alishuka kwa njia yake."

Kabiru alitazama saa, akanyoosha mkono kuomba flashi. Absalom aliinama juu ya bega la mwalimu, akaihesabu ile mistari kwa kidole.

"Minane ni kidogo," akasema. "Ongeza."

Mwalimu akaongeza, mstari juu ya mstari, mpaka ukurasa ukaisha.